Neno Alilotaka Kuuliza Baba

Rubya, Muleba
15 Oktoba 2023

Dada Felicitas,

Shikamoo. Na shemeji Lukmani mpe shikamoo yake. Hapa nyumbani tupo. Wifi yako Evodia goti bado linamsumbua, akipanda mlima wa kisimani anapumzika mara mbili, lakini mdomo hauna shida, anaongea kama kawaida. Elieth amemaliza darasa la saba, yupo tu nyumbani anasubiri matokeo na kubishana na mama yake. Migomba yetu imepona mnyauko, ya jirani imekatwa karibu yote. Kahawa zimezaa vizuri.

Najua utashangaa kupata barua. Nimekupigia mara tatu mwaka huu hukupokea, sikulaumu. Halafu nikafikiri bora hivi, maana kwenye simu nikishindwa kusema kitu huwa nasema mtandao mbaya nakata. Karatasi haina mtandao. Hii nampa Jamali, yule dereva wa Noah ya Bukoba, anasema anamfahamu shemeji, wanaswali msikiti mmoja.

Dada, nina swali. Mwezi uliopita nilifungua sanduku la marehemu baba. Nguo za Tata tuligawa zamani, lakini kile kitabu chake cha sala hakuna aliyekigusa. Ndani yake nimekuta barua uliyomwandikia mwaka 2009, baada ya kumzika Mama. Imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Yote ni Kiswahili, ila mwisho kabisa umeandika kwa Kifaransa: Je suis navrée. Halafu jina lako.

Tata amepiga mstari kwa kalamu ya risasi chini ya hilo neno la mwisho. Mistari mitatu, minne, siku tofauti nadhani, maana mingine imefifia.

Wewe ndiye mwalimu wa Kifaransa. Naomba uniambie hilo neno maana yake nini hasa. Si maana ya juu juu. Maana yake yote.

Ni hilo tu kwa leo.

Mdogo wako,
Avit

*

Bukoba
9 Novemba 2023

Avit,

Marahaba. Barua yako imekaa mezani wiki tatu. Lukmani alikuwa anaisogeza kila akitaka kuweka sahani, mwisho akaniambia, "Mama Asha, ama uijibu ama tuipangishie chumba." Kwa hiyo najibu.

Sisi wazima. Asha yupo Mwanza kazini, Hussein anajifunza ufundi wa majokofu hapa mjini. Mimi nastaafu mwakani. Mpe pole Evodia kwa goti. Njia yenu ile ni mbaya kwa mtu mwenye goti, tena sasa hata ule mparachichi wa njia panda aliokuwa akipumzikia mmeukata.

Kwanza jina. Mimi ni Nuriat kwa miaka ishirini na sita, tangu niliposilimu nikaolewa na Lukmani. Sikukatazi kuniita Felicitas, ni jina nililopewa na Mama, ila ujue barua ikija imeandikwa hivyo Lukmani anatania kwamba amepotelea nyumba ya mtu mwingine.

Sasa neno. Mfaransa wa leo akisema navré anasema "samahani" au "nasikitika". Duka limefungwa, anakwambia navré. Amekukanyaga mguu, navré. Limechakaa. Lakini zamani halikuwa hivyo. Zamani, kwenye hadithi zao za vita, mtu aliyekuwa navré ni mtu aliyejeruhiwa kwa silaha, mkuki umeingia mwilini. Baadaye wakaanza kulitumia kwa moyo: moyo uliochomwa ukatoboka. Kwa hiyo lilikuwa neno la majonzi mazito kabla halijawa neno la dukani.

Na kabla ya hapo, wanaochunguza asili ya maneno wengi wanaona Wafaransa hawakulitunga wao. Lilikuja na watu wa kaskazini, watu wa baridi waliokuja kwa mashua wakavamia wakakaa. Kwa lugha yao ya zamani lilihusu kutoboa. Kutoboa mti kwa keekee. Wewe ni seremala, hapo huhitaji nikuelezee.

Nililijifunza kwa mwalimu wetu chuoni, mama mmoja kutoka Burundi. Alipofiwa na mumewe alisimama mbele ya darasa akasema hilo neno, kisha akatufundisha lilikotoka, somo zima, bila kulia.

Mwaka ule sikutaka kumwambia Tata "pole". Pole tunampa anayelima, anayebeba ndoo, aliyejikwaa. Nilitaka neno ambalo hatalijua, ili aulize. Nilitaka aniulize mimi.

Hakuuliza. Sikujua hata kama aliisoma. Sasa unaniambia alipiga mistari. Sijui nifanye nini na mistari, Avit. Wewe mwenyewe uliniambia pale kaburini, nimefika watu wanaanza kutawanyika, nikakuuliza, ukaniambia, "Hakukutaja." Neno hilo moja. Nimelala nalo tangu Februari. Baba yangu alikufa hanitaki, na nilishakubali hivyo. Usinifukulie.

Nuriat

*

Rubya
26 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Nakutumia senene kwa Jamali, wamekaangwa vizuri, Evodia kawatoa mabawa mwenyewe. Mwaka huu wameanguka wengi mpaka watu wanakimbizana nao barabarani. Shemeji kama hali senene basi wape majirani, sikumbuki.

Barua yako nimeisoma karakana. Niliposoma keekee nikaiweka chini nikaitazama ya kwangu ukutani. Dada, hicho kitu nakijua kuliko ninavyojua kusali. Msumeno unakata, unaona mti umegawanyika. Patasi inachonga, unaona. Keekee ukiwa unazungusha huoni kinachotokea ndani, unaona vumbi tu linatoka. Na tundu la keekee halizibi lenyewe. Msumari ukiung'oa, mti unajaribu kujifunga kidogo. Tundu la keekee linakaa vile vile mpaka mtu achonge kijiti akigongelee humo. Sasa naelewa kwa nini Tata hakuridhika.

Maana alimuuliza kila mtu. Alimuuliza padre mmoja wa seminari aliyesoma Ulaya, padre akasema, "Ni kusikitika, mzee." Tata akaja nyumbani amenuna: "Kusikitika kuna Kiswahili chake. Felicitas anakijua Kiswahili. Kwa nini akaruka mto?" Alimuuliza daktari. Alimuuliza kijana wa Kikongo aliyepita kuuza vitenge. Huyo akasema ni kama kuomba radhi, Tata akamwambia hujui kwenu.

Kwa hiyo si kweli kwamba hakukutaja. Alikuwa anakuulizia.

Wakati ule wa mwisho simu yangu ilikuwa mbovu, na msiba ulikuwa na mambo mengi, watu wengi, nikasema lile neno bila kufikiri. Nisamehe kwa hilo.

Umejuaje kwamba mparachichi wa njia panda umekatwa? Tuliukata Desemba, kabla Tata hajafa. Siku ya mazishi ulikuja kwa njia ya juu na gari la watu wa Kaagya, ile haipiti njia panda.

Avit

*

Bukoba
14 Desemba 2023

Avit,

Senene tumekula. Lukmani anakula senene kuliko Mhaya yeyote, ndugu zake wa Tanga wakija anawaficha.

Nimefundisha miaka thelathini. Naijua insha ya mwanafunzi ambaye hakufanya kazi: inaanza na hali ya hewa, inaishia na samahani, katikati hakuna kitu. Wewe unazunguka nyumba yangu, nasikia viatu, hupigi hodi.

Unaandika "alikuwa anakuulizia". Lini? Miaka kumi iliyopita au wiki ya mwisho? Alimuuliza padre, daktari, Mkongo. Sawa. Je, aliwahi kusema niitwe? Alimwambia nani? Huyo mtu alifanya nini?

Na hili. Siku ile ya msiba Evodia alinishika mkono, si kwa upendo, akaniambia, "Wifi, hata chai hukusubiri." Nikadhani ni uchungu unamsemesha. Nilikuwa ndio kwanza nimefika, chai gani? Nimeligeuza neno hilo miezi kumi. Evodia si mtu wa kusema ovyo. Alikuwa anazungumzia siku gani?

Simu yako haikuwa mbovu. Januari ile yote ulikuwa unamtumia Asha picha za makabati ili akutafutie wateja Mwanza.

Jibu au usijibu. Lakini usiniletee senene tena kabla hujajibu.

Nuriat

*

Rubya
16 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani. Miezi miwili nimeandika nikachana. Jumatano tulipakwa majivu, nikaingia kwa padre kuungama, nikaongea kwa muda mrefu mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kukohoa. Padre akaniuliza, "Dada yako anajua?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi umekosea mlango. Anza kwake." Nimeanza.

Tata alisema uitwe. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari mwaka jana. Miguu ilikuwa imevimba, macho yamebaki kuona mwanga na kivuli tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti nilichomtengenezea, akasema, "Avit, mwite Felicitas. Nataka kumuuliza lile neno. Nimechoka kuwauliza wajinga." Halafu akamwita Evodia akamwambia achemshe kahawa mpya za kutafuna, azikaushe vizuri, aziweke kwenye kile kikapu kidogo cha Mama chenye mfuniko. "Hizo ni za mgeni. Mtu asiguse."

Unajua maana yake. Miaka ishirini na sita Tata alikuwa amesema hutakula kahawa kwenye nyumba yake tena. Na wewe ukikaa ukapewa kikapu ukachukua, ukatafuna, basi mambo yamekwisha, hakuna mkutano wa ukoo wala maneno. Hakuwa anataka tu kuuliza neno. Alikuwa anakufungulia mlango.

Nikasema ndiyo Tata. Nikaenda karakana. Sikukupigia.

Kesho yake akauliza, nikasema nimempigia, atakuja wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema shule zimefunguliwa, ana kazi. Wiki nyingine nikasema mvua. Kila siku chache Evodia anamwaga kahawa zilizokaa, anaweka nyingine. Kikapu kilikuwa kwenye kigoda pembeni ya kiti cha Tata, mkono wake unakifikia. Evodia alikuwa anaamini umeitwa. Mara moja akaniambia, "Huyu wifi ana roho ngumu kweli." Nikamwacha aamini hivyo.

Kwa nini. Nimejiuliza sana, na nimejidanganya majibu mazuri. Nilisema niliogopa ukoo, si kweli, ukoo ulishakusahau. Nilisema niliogopa utadai sehemu ya kibanja, si kweli, hujawahi kudai hata mkungu. Kweli yenyewe ni hii, na naona aibu kuiandika. Mimi ndiye niliyebaki. Nilimwogesha. Nilimkata kucha. Miaka yote hiyo nilitoa yale aliyotaka, nikaoa aliyemtaka, nikaacha kwenda Mwanza kwa sababu alisema usiende. Hakuwahi kuniwekea kahawa kwenye kikapu. Siku zote alisema, "Avit, lete." Nikaona wewe ukija siku moja, ukae nusu saa, useme neno lako la Kifaransa, utakuwa umepita miaka yangu yote. Nilikuwa na wivu, dada. Mtu wa miaka hamsini, namwonea wivu dada yangu kwa kikapu.

Sasa kile cha mwisho.

Ilikuwa Jumamosi moja kabla ya ile aliyokufa. Evodia alikuwa amekwenda gulioni. Nimetoka karakana mchana, Tata amelala kwenye kiti baada ya kula. Kikapu kipo. Nikafunua. Evodia alikuwa ameweka mpya asubuhi, zinanukia. Nikachukua moja nikatafuna. Nikachukua nyingine. Nilikuwa na hasira na zile kahawa kama vile ni mtu. Nikazimaliza.

Tata akaamka. Akanyoosha mkono kama alivyokuwa anafanya kila akiamka, akafunua, akapapasa ndani. Tupu. Akageuza uso kwangu, akasema, "Amekuja?"

Nilikuwa na kahawa mdomoni. Nikameza. Nikasema, "Amekuja, Tata. Hakutaka kukuamsha."

"Amekula?"

"Amekula."

"Zote?"

"Zote."

Dada, alicheka. Sijui kama bado unakumbuka kicheko chake kile cha kupandisha mabega. Akasema, "Zote! Alikuwa na njaa ya nyumbani." Nikaona nimefanya jambo jema. Kwa dakika moja nilijiona mtu mwema.

Halafu akasema, "Na neno? Umemuuliza neno?"

Sikujua neno. Nikasema, "Amesema ni pole, Tata."

"Pole?"

"Pole."

"Pole tu?"

"Pole tu."

Alibaki ameshika mfuniko. Akasema, "Miaka kumi na minne. Kumbe pole tu." Akaniambia nimgeuzie kiti kitazame ukutani, mwanga unamuumiza. Mwanga haukuwahi kumuumiza kabla.

Evodia aliporudi, Tata akamwambia ulikuja ukaondoka. Ndiyo chai aliyokuwa anazungumzia. Na Tata alikufa Jumamosi iliyofuata, hakuuliza tena chochote kuhusu wewe. Kwa hiyo pale kaburini nilipokwambia hakukutaja, nilikuwa nahesabu siku saba tu. Nilijitafutia uongo ambao ndani yake kuna ukweli kidogo, kama mtu anayepaka rangi mbao iliyooza.

Ndiyo maana nilikuuliza maana yake yote. Nilitaka kujua nilikipunguza kitu gani. Sasa najua. Alikuwa anaulizia keekee, nikampa pole.

Jumapili hii tarehe 18 kuna misa ya mwaka wa Tata, saa nne, halafu tunarudi nyumbani. Sikuombi uje kwa ajili yangu. Sikuombi unisamehe, sijui hata hilo linaombwaje. Nilitaka tu ujue kwamba alikutaka. Alikutaka mpaka akakuwekea kikapu, akacheka.

Avit

*

Rubya
21 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Misa imepita. Tulitazama njia, hukuja. Ni haki yako. Jamali amenihakikishia barua alimkabidhi shemeji mkononi Jumamosi.

Nakuandikia kukwambia tu nilichofanya, usije ukasikia kwa watu kimepindishwa. Baada ya chakula, watu bado wamekaa, nilisimama nikawaambia. Yote. Kahawa, wivu, uongo wa kwanza na wa pili. Nilidhani nitaongea kwa kifupi, lakini ukishaanza kitu kile hakina kifupi.

Baba mdogo Ta Rwekaza akaniangalia, akasema, "Avit, na huu mdomo ndio umetuongozea rozari mwaka mzima?" Watu wengine wakacheka kwa kuogopa. Nikasema ndio huu. Akasema, "Basi rozari apewe Clotilda." Kwa hiyo siongozi tena rozari, anaongoza Clotilda, jirani yetu, anakimbiza Salamu Maria kama anafukuzwa.

Evodia ananiwekea chakula anaondoka. Jana tu ndiyo amesema, "Nilimlaumu wifi yangu kwenye msiba wa baba yake. Wewe ulikuwa umesimama pale pale unanisikia." Akaendelea kumenya ndizi.

Jambo jingine. Jumatatu nilichukua barua yako ile ya Novemba nikaenda nayo kwenye kaburi la Tata kule migombani. Nikamsomea kwa sauti sehemu ya neno. Mkuki, moyo, watu wa baridi, keekee, yule mwalimu wa Burundi. Nikamwambia haikuwa pole tu. Nikamwambia ulitaka akuulize wewe. Sijui kama wafu wanasikia. Migomba ilisikia, na mbuzi wa jirani.

Nilitaka useme wewe, si mimi. Lakini nilichelewa nalo mwaka, nikaona nisicheleweshe siku nyingine.

Avit

*

Nyumbani kwa Tata
Alhamisi, 7 Machi 2024

Avit,

Nimekuja. Hukuwepo. Evodia anasema kila Alhamisi unapeleka kazi kwa wateja wako Muleba mjini unarudi jioni. Najua. Jamali aliniambia, ndiyo maana nimechagua Alhamisi.

Naandika kwenye kiti cha Tata. Umekitengeneza vizuri, kinamkaa mtu mgongoni.

Barua yako ya Februari niliisoma Jumamosi ile, nikamsomea Lukmani. Hakutania. Alitoka nje akakaa barazani, akarudi akasema, "Twende kesho." Nikasema siendi. Nilikuwa nakuchukia, Avit. Bado kidogo. Nikaona nikija mbele ya watu wote nitakusamehe kwa sababu ya watu, na nisingependa iwe hivyo.

Wewe umeniambia lako, nami nikwambie langu. Umeniuliza kuhusu mparachichi. Januari mwaka jana, wiki ya pili, nilimleta mama mkwe hospitali hapa Rubya. Alipolala wodini nikatembea mpaka njia panda yenu. Nikakuta kisiki. Nikakaa juu yake. Nikaona bati la nyumba, nikaona moshi wa jikoni. Pengine Evodia alikuwa anachemsha zile kahawa. Nikajiambia akitokea mtu yeyote wa nyumbani nitasalimia na nitaingia. Hakutokea mtu, nikageuka nikarudi wodini. Hakuna aliyenizuia siku ile. Si wewe. Nilikuwa nasubiri kuitwa, na nilikuwa na miguu.

Usifurahi kwamba tumegawana. Sehemu yako ni kubwa kuliko yangu. Lakini kisiki ni changu.

Nimekwenda migombani. Neno nimemwambia mwenyewe. Nilichomwambia na alichonijibu si chako.

Evodia alileta kikapu cha Mama bila kuulizwa. Tumelia kidogo, tumecheka kidogo, goti lake limevimba kweli, mpeleke hospitali acha uvivu. Nimekula kahawa. Zote. Jumatatu au Jumanne tunaanza kufunga, nilitaka niwahi.

Sasa utarudi jioni, utafunua kikapu, utakuta tupu. Utamuuliza mkeo, "Amekuja?" Atakwambia ndiyo. Hutakuwa na kitu kingine isipokuwa neno lake na karatasi hii.

Tata alikuwa na neno lako tu.

Dada yako,
Nuriat

*

Rubya
10 Machi 2024

Dada Nuriat,

Shikamoo, na shemeji. Ramadhani njema inayokuja.

Nilirudi saa kumi na mbili kasoro. Kikapu kilikuwa kwenye kigoda. Sikuiona karatasi, Evodia alikuwa ameiweka chini yake. Nikafunua nikapapasa, sijui kwa nini nilipapasa wakati macho ninayo. Tupu. Nikamuuliza vile vile ulivyoandika. Akasema, "Amekuja." Nikasema, "Amekula?" Akasema, "Zote."

Nikatazama uso wake kuona kama ananifanyia nilivyomfanyia Tata. Nilitazama sana, mpaka akasema, "Unaniangalia nini? Si kila mtu ni wewe." Ndipo akanipa karatasi. Lakini nilikuwa nimeshaamini kabla, dada. Nataka ujue hilo. Niliamini kwa neno lake peke yake, na nikajua Tata alivyohisi aliposikia la kwangu, na jinsi lilivyokuwa tamu, na lilikuwa uongo.

Jana nimekwenda njia panda. Kile kisiki nilikuwa nimepanga kukichimba. Nimekiacha. Nimekilainisha juu kwa randa, mtu akikaa asichanike nguo.

Evodia tunampeleka hospitali kwa goti Jumatatu. Amejaza kikapu tena. Anasema hizi zitakaa mpaka mwezi uishe, na ole wake atakayegusa, akanitazama mimi.

Ukimaliza kufunga njoo na shemeji. Njooni siku yoyote, isiwe Alhamisi.

Avit